Nilimsingizia Shemeji Yangu kwa Ajili ya Kioo cha Sista

Nina miaka arobaini na sita. Ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari mjini Bukoba, na ninaishi Kitendaguro na mke wangu na watoto watatu. Kanisani nilikuwa miongoni mwa wanaopanda kusoma masomo. Siyataji haya kwa kujisifu... nataka mjue ni mtu wa namna gani anayewaandikia. Ni mtu ambaye ukikutana naye njiani, shati limepigwa pasi na kalamu iko mfukoni, huwezi kumdhania lolote.

Jina langu nisameheni, sitaliandika. Waliokuwepo siku ile wananijua, na hao wananitosha.

Kwetu ni Kamachumu, wilaya ya Muleba. Baba alifariki miaka mingi iliyopita. Kwa kuwa mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume, ndiye niliyeachiwa nyumba na kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Mrithi kwetu ni mtu mzito. Akiongea kwenye kikao, hata wazee wanasubiri amalize.

Mama yetu, ambaye sote tulimwita Mawe, aliendelea kuishi palepale. Alikuwa amepita miaka themanini. Mdogo wangu Evodius ni mvuvi kisiwani Bumbire, hukaa huko majuma kadhaa ndipo arudi nyumbani. Aliyeishi na Mawe ni mke wa Evodius, Editha, mzaliwa wa kisiwa hichohicho, pamoja na binti yao mdogo, Koku.

Editha alimpikia Mawe, akamfulia, akamkata kucha, akamshika mkono kwenda kanisani. Alifanya hivyo miaka tisa. Na mimi mrithi? Nilikuwa nafika mwisho wa mwezi na kilo mbili za sukari, nakaa kwenye kiti cha baba, halafu nauliza kwa nini migomba haijapunguzwa majani.

Sasa niwaeleze kuhusu chombo chenyewe.

Kilikuwa chombo cha maua cha kioo, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Rangi yake ilikuwa kijani iliyofifia. Ubavuni kilichorwa maua meupe ya yungiyungi, na mdomoni kilizungushiwa mstari wa dhahabu. Mawe alipewa na Sista mmoja Mzungu, enzi za usichana wake, alipokuwa akifanya kazi jikoni kwa masista. Sista yule alikuwa mzee, anarudi kwao, na wote wawili walijua hawataonana tena. Nyumbani tulikiita kioo cha Sista.

Mawe hakuwahi kutia ua ndani yake. Alisema ua ukishalikata linakufa kesho kutwa, sasa ya nini kulitafutia nyumba nzuri? Yeye alitia akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, inayochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya kunukia kisha ikakaushwa. Kwetu mgeni akifika, kabla ya chai, kabla hata ya kuulizana habari, anatiwa kahawa chache kiganjani. Kwa Mawe kahawa hizo zilitoka kwenye kioo cha Sista. Waliokuja kumzika baba walitafuna kutoka humo. Editha mwenyewe, siku ya kwanza alipoletwa kwetu kama bibi harusi, alitafuna kutoka humo.

Mimi nilikua nikikiona kila siku na sikuwahi kukifikiria. Nilianza kukifikiria siku nilipokiona kwenye simu.

Ilikuwa ofisini kwetu walimu, saa ya mapumziko. Nilikuwa napitapita mtandaoni, nikaangukia ukurasa wa watu wanaokusanya vyombo vya kale. Nikaona chombo cha kioo cha kijani, maua meupe, mstari wa dhahabu. Hakikuwa kilekile, lakini ukiviweka pamoja ungesema ni ndugu. Chini yake watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakibishana ni cha mwaka gani, na wengine wakiomba wauziwe.

Nikajisemea, kumbe Mawe amekalia mali!

Tafadhali nielewe, ndugu msomaji. Sikuwa na njaa. Watoto walikuwa wanasoma. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Nilichotaka ni gari. Sisi Wahaya wenzetu wanatutania kwamba ni watu wa nshomile, yaani mtu amesoma kidogo, basi dunia nzima lazima ijue. Utani huo huwa tunaucheka, lakini kwangu mimi ulikuwa umelenga. Kila Desemba watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na magari yanapangwa nje ya kanisa. Wanafunzi niliowafundisha mimi walikuwa wanakuja na magari yao, wananipa lifti, wananiita Mwalimu kwa heshima, halafu nashuka mlangoni kwetu na mfuko wangu wa sukari. Nilichoka. Nilitaka Krismasi ile niingie Kamachumu nikiwa nyuma ya usukani.

Safari iliyofuata nilikipiga picha chombo kile wakati Mawe yuko bafuni. Nikaiweka kwenye ukurasa ule. Hazikupita siku mbili, mtu mmoja akaniandikia pembeni. Alisema anatembea mikoani kununua vitu vya kale kwa niaba ya watu wanaovikusanya, na karibuni angepita Bukoba. Aliomba picha ya chini ya kitako, kwenye namba ndogo iliyochorwa kwa mkono. Nilipokwenda tena Kamachumu nikaipiga na kumtumia, akajibu kwamba anakihitaji sana. Akaongeza jambo moja: nisikiguse kwa lolote, nikiache kama kilivyo.

Ningeweza kumwomba Mawe. Hilo ndilo swali mke wangu aliniuliza baadaye. Nadhani niliogopa angekataa. Nikajiambia mimi ni mrithi, nyumba ni yangu, kilichomo ndani ni changu, na mtu haibi mali yake. Ndivyo nilivyojifundisha somo hilo, mwalimu na mwanafunzi mtu mmoja.

Jumapili moja asubuhi Mawe na Koku walikwenda misa ya kwanza. Editha alikuwa shambani upande wa chini akichuma kahawa. Mimi nilikuwa nimeaga tangu jana yake kwamba nitaondoka mapema, nina mitihani ya kusahihisha. Nyumba ilikuwa kimya. Nikakishusha kioo cha Sista kwenye rafu.

Kilikuwa kimejaa kahawa nusu. Nikasimama pale nimekishika, nisijue nizifanyeje. Mwizi mwingine angezimwaga sakafuni au angeondoka nazo. Mimi sikuweza. Kahawa ya kumpokelea mgeni haimwagwi, hilo nililikuta katika maziwa ya mama. Nikachukua kikapu kidogo, nikazimimina taratibu, hata moja haikuanguka. Nikakata kipande cha jani la mgomba, nikalipitisha juu ya makaa lilegee, nikakunja pembe zake na kukifunika kikapu, vile nilivyofundishwa utotoni. Nikakirudisha kikapu mahali palepale kilipokuwa kioo.

Fikirini, naiba kwa mama yangu, na bado najali kahawa isipate vumbi.

Chombo nilikizungushia sweta, nikakitia kwenye begi, nikaondoka.

Jioni hiyo simu ililia. Alikuwa Editha. Alisema, "Shemeji, kioo cha Sista hakionekani. Mawe amekaa tu, hataki kula. Ulipoondoka kilikuwepo?"

Nikamjibu kwamba sikuangalia. Nikamwambia atafute vizuri, labda Koku amekichezea. Nilikata simu, nikatazama kabati la nguo ambamo chombo kilikuwa kimelala chini ya mablanketi. Ningeweza kupanda gari la asubuhi na kukirudisha. Ningetunga uongo wowote, kwamba nilikipeleka kikapimwe au kikasafishwe. Mambo yangeishia hapo.

Lakini nilikuwa nimeshachagua rangi ya gari.

Jumamosi iliyofuata kiliitishwa kikao cha ukoo. Alikuja baba yetu mdogo, Mzee Kaijage, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Evodius alivuka kutoka Bumbire. Walikuja majirani wawili watatu wa karibu. Na mimi nikaenda, kwa sababu kikao bila mrithi hakikai. Mawe alikaa pembeni kwenye mkeka, fimbo yake magotini.

Mzee Kaijage alisema maneno machache, kisha akanigeukia. "Wewe ndiye msomi wetu. Tuongoze, waitu, tafadhali."

Nikasimama. Najua kusimama mbele ya watu, ndiyo kazi yangu. Nikaanza kuchambua kama niko darasani. Nikawaonyesha kikapu. Nikasema, tazameni, mwizi wa nje hana muda wa kumimina kahawa na kuifunika. Huyu ni mtu wa humu ndani. Ni mtu anayejua jani linakaa wapi na kikapu kinakaa wapi. Sasa nani yuko humu ndani kila siku? Mawe ni mwenye mali. Koku ni mtoto. Nikanyamaza ili wamalizie wenyewe... mbinu ya mwalimu.

Wote wakamtazama Editha.

Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina majimaji ya ndizi alizokuwa anamenya ili watu wa kikao wapate kula. Alisema polepole, "Shemeji, si mimi niliyekupigia simu?"

Nami nikajibu jibu ambalo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze. Nilisema hata mwizi hupiga simu ili asishukiwe. Kisha nikaongeza kwamba visiwani vitu vinauzwa haraka, boti zinakuja na kuondoka, na ndugu zake wako hukohuko. Nikamtia aibu yeye na watu wake wote kwa sentensi moja.

Mawe aliinua uso. Alinitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu, una hakika?"

"Nina hakika, Mawe."

Evodius alikuwa ameinamisha kichwa. Naye siku zote alinisikiliza mimi, tangu tukiwa wadogo, na sikuwahi kumpoteza njia. Akamwambia mkewe aende kwao kwanza mpaka chombo kipatikane. Editha hakulia mbele yetu. Aliingia ndani, akafunga nguo zake na za Koku kwenye kitenge. Kabla ya kutoka alirudi jikoni akaepua sufuria motoni, ili chakula chetu kisiungue.

Mawe ndiye aliyemsindikiza. Yule bibi ambaye hata kisimani alikuwa hafiki, alitembea na fimbo yake mpaka barabarani, akamshika mkono mpaka gari likaja. Sisi wanaume tulibaki tumekaa tunangoja kula.

Nilirudi Kitendaguro. Mnunuzi alikuwa ameandika kwamba atafika Jumanne. Nikakitoa chombo nikakitazama juani. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na utando mweusi wa kahawa ya miaka yote ile. Nje kilikuwa na moshi wa jikoni, na ule mstari wa dhahabu ulikuwa umefubaa. Nikakumbuka maneno yake, nisikiguse. Nikacheka. Nikasema huyu ananifanya mshamba, anataka akikute kichafu ili apate kisingizio cha kukishusha thamani. Mimi ni msomi, haniwezi!

Nikachukua majivu na mchanga laini wa ziwani. Kwetu sufuria likiwa jeusi vipi, majivu na mchanga vinalirudisha likawa jipya. Nikakaa uani na beseni, nikasugua. Nilisugua kwa bidii, ndani na nje, mpaka kidole kikaanza kuuma. Povu la majivu lilikuwa zito, sikuona ninachokifanya. Nilipokisuuza, nikakiinua juani.

Mstari wa dhahabu haukuwepo. Maua ya upande mmoja yalikuwa yameondoka yote, yamebaki madoa meupe tu. Kioo chenyewe kilikuwa na mikwaruzo mingi midogo.

Mnunuzi alikuja Jumanne. Alikuwa mtu mpole, wa makamo, mwenye miwani na kilenzi kidogo cha mkononi. Alikishika chombo kwa mikono miwili, akakigeuza, akakiangalia kwa kilenzi chake, akakiweka mezani taratibu.

"Mwalimu, nilikuomba usikiguse."

Nikaanza kujitetea, kwamba kilikuwa kichafu, kwamba nilitaka apokee kitu safi. Alitikisa kichwa. "Rangi hii ilipakwa juu tu, haikuchomwa kwenye kioo. Ndiyo sababu vilivyobaki ni vichache. Watu ninaowanunulia hawanunui kioo, wananunua umri wake. Umri huo umeusugua." Kisha akaniuliza nafundisha somo gani. Nilipomwambia ni Historia, hakunicheka. Alinywa chai yake, akashukuru, akaondoka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikupata gari. Sikupata hata baiskeli. Nilikuwa na chombo kilichoharibika ambacho siwezi kukiuza na siwezi kukirudisha. Na Editha alikuwa kisiwani na jina la mwizi.

Je, nilikwenda kusema ukweli? Hapana. Nilikirudisha chini ya mablanketi nikaendelea kufundisha.

Kule Kamachumu tulimtafutia Mawe msichana wa kazi, akakaa majuma mawili akaondoka. Jirani akawa anapita mara mojamoja. Mvua za masika zilipoanza, Mawe alitoka nyuma ya nyumba kuokota kuni, akateleza. Alilala kwenye matope toka asubuhi mpaka karibu adhuhuri, jirani alipokuja kuomba chumvi. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Alilazwa hospitali. Nilimkuta amepungua, mashavu yameingia ndani. Siku ya tatu tukiwa wawili tu, aliniomba nikae karibu.

Akaniuliza, "Nani alikufundisha kukunja jani?"

Nilidhani ni homa. Nikamwambia, "Wewe, Mawe."

"Na mimi natumia mkono gani?"

Mawe alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

Alisema watu wote wanakunja jani kuanzia kulia. Yeye peke yake hukunja kuanzia kushoto, na mtoto pekee aliyemfundisha ni mimi, kwa sababu Evodius hakukaa jikoni. Editha kwa miaka tisa alikuwa akikunja kwa kulia, na walikuwa wakichekeana kwa hilo. Jumapili ile alipotoka kanisani na kukiona kile kikapu, alijua papo hapo. Ndiyo maana hakula.

Ndugu zangu, kama umewahi kuvuliwa nguo mbele ya watu, jua hiyo ni afadhali. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka akanisikiliza nikichambua ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa mkono wake katika mkono wangu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alifunga macho. "Ningesimama mbele ya ukoo niseme mrithi wa baba yenu ni mwizi? Nilikuachia nafasi. Nilikuuliza kama una hakika." Akapumzika kidogo. "Na mimi nimekosa, mwana wange. Nimemwacha mtoto wa watu aondoke nikamshika mkono tu. Kanirudishie Editha. Nataka kumwona."

Kesho yake niliteremka ziwani upande wa Muleba, nikapanda boti kwenda Bumbire. Evodius alikuwa ziwani akivua, nikamkuta Editha anaanika dagaa. Koku aliniona, akakimbilia nyuma ya bibi yake wa huko. Zamani alikuwa akinikimbilia mimi.

Mnajua nilianza na nini? Nilianza na uongo! Nilimwambia chombo kimepatikana, mambo yameisha, arudi nyumbani. Akaniuliza, bila kuacha kutandaza dagaa, "Kimepatikana wapi?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nikakaa kwenye mchanga, nikamwambia yote. Kabati, mnunuzi, majivu, hospitali. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipoomba msamaha hakuniambia ndiyo wala hapana.

"Shemeji, ulinisema mbele ya watu," alisema. "Kaniondolee hilo jina mbele ya watu haohao. Halafu nitakuja."

Nikamsihi. Nikamwambia Mawe anaumwa, aje kwanza, hayo mengine yatafuata. Alifuta mikono kwenye kanga yake. "Mawe atanipokea, najua. Lakini wengine je? Nikipita watafunga kabati. Siwezi kumuuguza mtu huku wananihesabia vijiko."

Nikaahidi. Nikasema Jumamosi hii hii naita kikao.

Lakini nilipovuka na kufika Bukoba, nilianza kuhesabu watakaonisikia. Mzee Kaijage. Evodius, ambaye hajawahi kunipinga. Majirani, ambao watoto wao nimewafundisha. Habari ingefika shuleni, ingefika kanisani. Jumamosi nikasema kuna semina. Jumapili zamu yangu ya kusoma masomo, nami nikapanda nikasoma! Jumatatu nikasema acha nitafute maneno. Kila nikienda hospitali Mawe aliniuliza, "Amefika?" Nami nikamjibu, "Yuko njiani."

Siku ya nane tangu nitoke kisiwani, asubuhi, muuguzi alinipigia simu. Mawe alikuwa amefariki.

Tulimzika nyumbani Kamachumu. Watu walikuwa wengi. Editha alikuja na wanawake wa kisiwani, wamebeba samaki wa msibani. Hakuingia ndani walikokaa wanawake wa ukoo. Alikaa chini ya migomba pamoja na watu wa mbali. Niliona kwa macho yangu mama mmoja jirani akiuvuta mkoba wake kutoka upande aliokaa Editha, akauhamishia upande mwingine. Editha naye aliona. Akatazama chini.

Baada ya maziko mtoto mkubwa hutoa shukrani kwa niaba ya familia. Nilikuwa nimeandika karatasi, maneno mazuri, hata Kilatini kidogo. Nikasimama, nikaifungua... nikaona ule mkoba. Nikaikunja karatasi.

Nikasema, "Kioo cha Sista nilikiiba mimi."

Sikumbuki mpangilio wa maneno yaliyofuata. Najua niliyataja yote, na nilimtaja Editha kwa jina lake na la baba yake. Nikaenda kwenye begi langu, nilimokibeba chombo kwa kuogopa mtu asikikute kabatini, nikakitoa nikakiweka mezani watu wakione. Mke wangu alifunika uso kwa kanga. Mzee Kaijage alitoa kofia yake, akaiweka magotini, akaanza kuilainisha kwa mkono, hakunitazama tena siku ile.

Evodius alisimama. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alikichukua chombo, akakiangalia, akanirudishia mikononi. "Kaa nacho." Kisha akatembea mpaka chini ya migomba, akapiga magoti mbele ya mkewe, mbele ya wote.

Nami nikamfuata. Nikapiga magoti pia. Nikamwambia, "Editha, nimesema mbele ya watu kama ulivyotaka."

Alinitazama kwa macho mekundu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nimekusikia, shemeji," alisema. "Lakini Mawe hakusikia."

Akainuka, akaingia ndani kuwasaidia wenzake kupakua chakula.

Ukoo ulikaa baadaye, ukamkabidhi Evodius nyumba na kibanja. Sikubisha. Editha amerudi, anaishi pale na Koku. Mke wangu ananipikia na ananijibu ninapomuuliza, basi. Kanisani nimeomba nisipangiwe tena kusoma, na Padri hakuniuliza sababu. Nikienda Kamachumu Editha ananisalimia kwa adabu, ananiletea kiti, ananiandalia chakula kama mgeni mwingine yeyote. Hata habari za Bukoba ananiuliza. Nakula, naaga, naondoka.

Wewe unayesoma haya, labda hujaiba kitu cha mtu. Lakini labda yupo mtu mahali, kazini kwako au nyumbani kwenu, anayeitwa jina ambalo ni lako. Unajua kabisa. Unasubiri wakati mzuri, unatafuta maneno, unaona aibu. Nakuomba kwa heshima zote usifanye kama mimi. Nenda leo. Usimalize hata kunywa chai. Mimi nilihitaji kikao kimoja tu cha Jumamosi, mama yangu akiwa hai na masikio yake yanasikia, na nilikuwa na siku nane.